Nguvu ya Feleji na Muktadha Wake: Jinsi Hali za Jaribio Zinavyoathiri Mgeuko na Mvunjiko wa Feleji Zenye Nguvu Kubwa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hujifunza mapema kwamba neno likiwa peke yake halitoshi. Kaa laweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha moto mekoni, au amri kwa mgeni aliyesimama mlangoni. Muktadha ndio uamuao. Katika taaluma ya metali mambo hayako mbali na hayo. Mtu akisema kwamba feleji fulani ina nguvu ya megapaskali 1000, amesema kweli, lakini amesema nusu. Nguvu hiyo ilipimwa katika baridi gani? Kipande kilivutwa kwa kasi gani? Kilikuwa laini au kilikuwa na chale? Kilikuwa kinene au chembamba? Kilikuwa katika hewa kavu au majini? Majibu yakibadilika, feleji ile ile yaweza kunyumbuka kama unga wa chapati uliokandwa, au kuvunjika kama kigae cha chungu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali za jaribio zinavyoathiri mgeuko na mvunjiko wa feleji zenye nguvu kubwa. Yanamlenga msomaji wa Kiswahili ambaye huenda hajawahi kuingia katika maabara ya uhandisi, lakini ambaye kesho atatakiwa kutafsiri cheti cha ubora, mwongozo wa fundi au ripoti ya ajali. Hoja kuu ni kwamba tarakimu ya nguvu isiyofuatana na hali yake haifai kuaminiwa, na mfasiri anayeidondosha hali hiyo amedondosha kitu ambacho maisha ya watu yanakitegemea.

2. Istilahi za Msingi

Feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 2, pamoja na elementi nyingine kama manganizi, kromi na nikeli. Feleji ya kawaida ya ujenzi huanza kugeuka umbo kwa kudumu inapofikia mkazo wa takriban megapaskali 250. Feleji zenye nguvu kubwa hustahimili megapaskali 700, 1000 na kuendelea, na ziko chache zinazokaribia 2000. Mkazo ni nguvu inayogawanywa kwa eneo inalolielemea. Megapaskali moja ni newtoni moja kwa kila milimita mraba. Ili msomaji apate picha, waya wenye eneo la milimita mraba moja, uliotengenezwa kwa feleji ya megapaskali 1000, waweza kuning'iniza karibu mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kabla ya kukatika.

Mgeuko ni badiliko la umbo. Upo mgeuko wa kurejea, ambapo kitu hurudia umbo lake mzigo uondolewapo, kama ifanyavyo springi. Upo pia mgeuko wa kudumu, ambapo umbo jipya hubaki. Mkazo unaotenganisha aina hizi mbili tutauita kikomo cha kurejea.

Mvunjiko nao una sura zaidi ya moja, na hapa Kiswahili kimetutangulia. Nguo huchanika, gogo la kuni hupasuka. Tutatumia mchaniko kwa mvunjiko unaotanguliwa na mgeuko mkubwa wa kudumu, ambapo metali hurefuka, hunyong'onyea, kisha huachana polepole. Tutatumia mpasuko kwa mvunjiko wa ghafla usiotoa onyo, unaokimbia ndani ya metali kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde.

Mwisho, tutenganishe sifa tatu ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Nguvu ni mkazo ambao metali huweza kuubeba. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa. Ustahimilivu ni nishati ambayo metali huimeza kabla ufa haujaikata. Tupa ya fundi ni mfano mzuri: ni ngumu kiasi cha kula vyuma vingine, lakini ikiangukia sakafu ya saruji yaweza kuvunjika vipande viwili. Ina ugumu mwingi na ustahimilivu haba.

3. Yanayotokea Ndani ya Feleji

Atomu za chuma zimejipanga safu kwa safu katika fuwele. Lau kila safu ingelazimika kuteleza yote kwa pamoja juu ya nyingine, feleji ingehitaji mkazo mkubwa mno ili igeuke umbo. Lakini ndani ya fuwele mna kasoro za mpangilio zinazofanana na kunyanzi katika jamvi. Anayetaka kusogeza jamvi zito la msikitini hawezi kulivuta lote kwa mara moja. Hulikunja kidogo upande mmoja, kisha akaisukuma kunyanzi ile mpaka ikatokea upande wa pili. Jamvi zima limesogea, naye hakutumia nguvu nyingi. Mgeuko wa kudumu wa metali ni mwendo wa kunyanzi kama hizo, mamilioni kwa mamilioni.

Kuongeza nguvu ya feleji, kwa hiyo, ni kuziwekea kunyanzi vizuizi. Kaboni huzizuia, chembe ndogondogo za kabaidi huzizuia, na mipaka ya fuwele ndogo huzizuia. Kupasha feleji moto hadi iive na kuizima ghafla katika maji au mafuta huzizuia zaidi. Ndiyo maana feleji iliyozimwa hupashwa joto tena kwa kiasi ili ilegee kidogo, kwani bila hivyo huwa kama kioo.

Kila feleji inayoelemewa ina njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kugeuka umbo, ambako kunyanzi hutembea na kupunguza mkazo pale ulipozidi. Ya pili ni kupasuka, ambako vifungo vya atomu huachana. Njia itakayofikiwa kwanza ndiyo itakayofuatwa. Katika feleji laini pengo baina ya njia hizi ni pana. Metali hugeuka umbo mapema, kabla mkazo haujatosha kuipasua. Katika feleji yenye nguvu kubwa kikomo cha kurejea kimeshapandishwa, na pengo limekuwa jembamba. Badiliko dogo la hali laweza kulifunga. Sehemu zinazofuata zinaeleza mabadiliko hayo moja baada ya jingine.

4. Halijoto

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imebeba sharti lake ndani yake: samaki ni yule yule, ila akikauka hakunjiki tena. Kwa chuma, kinachokausha ni baridi. Kunyanzi za fuwele za chuma husaidiwa na mtetemo wa atomu unaotokana na joto. Joto likipungua, msaada huo hupungua, na kikomo cha kurejea hupanda. Mkazo unaohitajika kupasua, kwa upande wake, haubadiliki sana. Hufika mahali ambapo feleji iliyokuwa ikichanika huanza kupasuka.

Kipimo maarufu cha jambo hili kinahusishwa na Mfaransa Georges Charpy, aliyekiwasilisha mwaka 1901. Kipande chenye urefu wa milimita 55 na upana wa milimita 10 kila upande hukatwa chale ya kina cha milimita 2, kisha hupigwa kwa nyundo inayobembea. Nyundo huachiliwa kutoka kimo kinachojulikana; baada ya kukivunja kipande hupanda upande wa pili hadi kimo cha chini zaidi. Tofauti ya vimo hivyo huonyesha nishati iliyomezwa, nayo hupimwa kwa jouli. Jaribio hurudiwa kwa vipande vilivyopozwa kwa viwango mbalimbali. Feleji ya kawaida yaweza kumeza zaidi ya jouli 100 katika joto la chumba na chini ya 10 katika baridi kali, ilhali kemikali zake hazikubadilika hata chembe.

Umuhimu wa kipimo hiki ulidhihirika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta SS Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Bahari haikuchafuka wala meli haikupigwa na adui. Usiku ulikuwa wa baridi tu. Meli nyingine nyingi za wakati huo zilizounganishwa kwa kulehemu zilipata nyufa. Wengi walilaumu ulehemu, lakini Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba feleji yenyewe ilikuwa ikivuka kutoka mchaniko hadi mpasuko katika baridi. Feleji hiyo haikuwa ya nguvu kubwa kwa vigezo vya leo. Funzo lake hata hivyo linazihusu feleji zote za namna hiyo: jaribio la kuvuta lililofanywa katika chumba chenye joto halikuweza kuonyesha jambo ambalo maji baridi yalilionyesha.

Viwango vya Ulaya vimeliingiza funzo hili katika majina ya feleji, na mwanafunzi wa mofolojia atayafurahia. Katika jina S355J2, S huonyesha kwamba ni feleji ya ujenzi. 355 ni kikomo cha kurejea kwa megapaskali katika bamba jembamba. J2 ni ahadi kwamba kipande chenye chale kitameza angalau jouli 27 katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukibadilisha kiambishi cha mwisho kuwa J0, ahadi ni ile ile katika nyuzi 0. Ukikifanya JR, ni katika nyuzi 20 juu ya sifuri. Mzizi haukubadilika, lakini fundi anayetengeneza meli itakayosafiri bahari za kaskazini hawezi kuvichukua viambishi hivyo vitatu kuwa kitu kimoja.

Isidhaniwe kwamba kila feleji yenye nguvu kubwa huogopa baridi. S690QL, ambayo kikomo chake cha kurejea ni megapaskali 690, hutakiwa kumeza jouli 30 katika nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu fuwele zake zimefanywa ndogo na matibabu yake ya joto yamedhibitiwa. Nguvu na ustahimilivu vyaweza kukaa pamoja, lakini kwa kutafutwa.

Upande wa pili wa halijoto ni moto. Katika nyuzi 600 feleji ya kawaida ya ujenzi hubakiwa na karibu nusu tu ya kikomo chake cha kurejea. Kwa feleji iliyozimwa na kupashwa tena pana hatari ya ziada: ikipata joto linalopita lile la upashaji wake, hupoteza nguvu hiyo moja kwa moja, hata baada ya kupoa. Fundi wa jua kali anayelehemu springi ya lori huleta hali zote mbili mahali pamoja. Karibu kabisa na mshono feleji huiva na kupozwa haraka na chuma baridi kinachoizunguka, ikawa ngumu na nyepesi kupasuka. Mbali kidogo hulegea. Springi huonekana nzima, lakini si ile iliyopimwa kiwandani.

5. Kasi

Katika jaribio la kawaida la kuvuta, kipande huvutwa taratibu mno. Kasi inayotumika sana katika kupima kikomo cha kurejea ni sehemu 0.00025 ya urefu kwa kila sekunde. Yaani kipande cha milimita 100 hurefuka kwa milimita 0.025 tu katika sekunde moja. Nyundo ya Charpy, kwa upande mwingine, hufika kwa kasi ya takriban mita 5 kwa sekunde.

Mzigo wa ghafla hufanya kazi inayofanana na ya baridi. Kunyanzi hukosa muda wa kusaidiwa na mtetemo wa atomu, kikomo cha kurejea hupanda, na mpasuko hukaribia. Kwa uwiano, ongezeko hilo ni kubwa zaidi katika feleji laini kuliko katika feleji zenye nguvu kubwa, ila hizi za pili zina nafasi finyu ya kulivumilia.

Kasi ikizidi sana, kama vile katika mlipuko au mgongano wa risasi, hutokea jambo jingine. Mgeuko huzalisha joto, na joto hilo hukosa muda wa kusambaa. Mkanda mwembamba wa metali hupata moto, hulegea, na kwa kuwa umelegea mgeuko wote huhamia humo. Kipande hukatika kwenye mkanda huo huku sehemu nyingine zikiwa hazijageuka sana. Feleji zenye nguvu kubwa huathirika zaidi na jambo hili. Kwa mukhtasari, tarakimu iliyopatikana kwa kuvuta polepole haitabiri peke yake tabia ya feleji katika mgongano wa magari.

6. Chale na Unene

Mshonaji anayetaka kurarua kitambaa hukipiga chale kwanza. Mkazo hujikusanya kwenye ncha ya chale, na uzi mmoja baada ya mwingine huachia. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha maelezo ya jambo hili kwa kutumia kioo: kitu huvunjika kwa mkazo mdogo kuliko unaotarajiwa kutokana na vifungo vya atomu zake kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo tayari.

Kwa feleji, chale hufanya zaidi ya kukusanya mkazo. Metali iliyo kwenye ncha ya chale ikivutwa hutaka kusinyaa ubavuni, lakini metali inayoizunguka huizuia. Inajikuta imevutwa pande tatu kwa wakati mmoja, na katika hali hiyo kunyanzi hutembea kwa shida. Mpasuko hupata nafasi.

Hapa pana mtego kwa msomaji wa ripoti. Kipande cha feleji yenye ustahimilivu kikikatwa chale ya mviringo na kuvutwa, mkazo wake wa mwisho waweza kuonekana mkubwa kuliko wa kipande laini, kwa kuwa chale imezuia kusinyaa. Kipande cha feleji isiyo na ustahimilivu hukatika kwa mkazo mdogo. Chale ile ile huonekana kuongeza nguvu ya mmoja na kupunguza ya mwingine, hivyo kipimo cha vipande laini peke yake hakiwezi kuzitenganisha feleji hizo.

Unene nao hufanya vivyo hivyo. Bamba jembamba lenye ufa husinyaa kwa urahisi, nao mvunjiko wake huwa wa mshazari, wenye kingo zilizochanika. Bamba nene la feleji hiyo hiyo huzuia usinyaaji ndani yake, na mvunjiko huwa bapa. Kwa sababu hii jaribio la kupima ustahimilivu wa ufa huweka kima cha chini cha unene. Kipande chembamba kingetoa jibu la kutia moyo kupita kiasi.

Hesabu fupi yaonyesha uzito wa jambo hili. Ukubwa wa ufa unaoweza kuvumiliwa hutegemea mraba wa uwiano baina ya ustahimilivu na mkazo. Mhandisi akichagua feleji yenye nguvu maradufu, akaielemeza mkazo maradufu, na ustahimilivu ukabaki ulivyokuwa, ufa unaovumilika hupungua hadi robo. Ufa wa milimita 20 ungeonwa na mkaguzi kwa macho. Wa milimita 5 ukiwa chini ya rangi haungeonwa.

7. Mizigo ya Kurudiarudia

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mzigo ambao haungeikata feleji ukiwekwa mara moja waweza kuikata ukirudiwa mara milioni. Mjerumani August Wöhler alilichunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kupima ekseli za mabehewa ya reli. Kwa vipande vilivyosuguliwa hadi vikang'aa na kupimwa hewani, feleji nyingi huonyesha kiwango cha mkazo ambacho chini yake hazichoki, nacho hukaribia nusu ya nguvu yao ya kukatika.

Ukizibadilisha hali, picha hubadilika. Katika maji ya chumvi kiwango hicho cha usalama hutoweka. Kila mrudio hula kidogo. Kwenye viungo vilivyolehemiwa, nyufa na mikunjo midogo ya mshono huufuta karibu ubora wote wa feleji ya gharama, na kanuni za usanifu huvipa viungo hivyo nguvu sawa ya kustahimili uchovu, iwe feleji ni ya kawaida au ya nguvu kubwa.

8. Haidrojeni na Muda

Kufikia hapa msomaji angedhani kwamba kanuni ni nyepesi: baridi na haraka ni hatari, joto na polepole ni salama. Haidrojeni hupindua kanuni hiyo.

Mwaka 1875 W. H. Johnson aliiarifu Royal Society ya London kwamba chuma kilichochovywa katika asidi hupoteza kwa muda uwezo wake wa kukunjika. Kisababishi ni haidrojeni, atomu nyepesi kuliko zote, inayopenya baina ya atomu za chuma. Huingia wakati metali inaposafishwa kwa asidi, inapopakwa metali nyingine kwa umeme, inapolehemiwa kwa fimbo zenye unyevu, au inapopata kutu. Ndani ya feleji huhamia polepole kule mkazo ulikozidi, yaani kwenye ncha za chale na nyufa, na huko hudhoofisha mipaka ya fuwele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa kuwa uhamaji huo huhitaji muda, jaribio la haraka huificha hatari. Kipande kilichojaa haidrojeni kikipigwa ghafla kwa nyundo chaweza kuonekana kizima. Kikivutwa polepole hukatika mapema. Kikiachwa kimening'iniza mzigo chaweza kukatika baada ya saa au siku kadhaa. Aidha, hatari hii huwa kubwa karibu na joto la kawaida la chumba, kwani katika baridi kali haidrojeni haisogei. Kadiri feleji inavyozidi kuwa na nguvu, hasa inapopita megapaskali 1000, ndivyo inavyozidi kuathirika. Haraka haraka haina baraka, hata maabarani.

Visa viwili vya Marekani vinatosha kuthibitisha. Daraja la Silver Bridge lilifunguliwa mwaka 1928 kuvuka Mto Ohio penye mji wa Point Pleasant. Lilining'inizwa kwa minyororo ya pau za feleji iliyoongezewa nguvu kwa matibabu ya joto, na kila pingili ilikuwa na pau mbili tu. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, katika msongamano wa magari, pau moja ilikatika na daraja zima likaanguka. Watu 46 walikufa. Wachunguzi walikuta ufa wenye kina cha milimita chache uliokua kwa karibu miaka 40 ndani ya tundu la pau, mahali ambapo jicho la mkaguzi halikuweza kufika bila kiungo kufunguliwa. Mkazo na kutu vilishirikiana kuukuza, na siku hiyo ya baridi ulifikia ukubwa usiovumilika. Wasanifu wa miaka ya 1920 hawakuwa na jaribio la kuwaonyesha kwamba feleji ya aina hiyo yaweza kupata nyufa za namna hiyo katika hewa ya kawaida ya mashambani.

Kisa cha pili ni cha daraja jipya baina ya San Francisco na Oakland. Mwezi Machi 2013 fito nene za kufungia, zenye kipenyo cha takriban milimita 76 na zilizopakwa zinki, zilikazwa hadi asilimia 70 ya nguvu yao. Siku ya kukazwa zote zilishika. Katika majuma mawili yaliyofuata, 32 kati ya 96 zilikatika, moja hapa, nyingine pale, pasipo mzigo kuongezwa. Zilikuwa zimetengenezwa mwaka 2008 na kukaa kwa miaka katika mashimo yaliyoingia maji. Katika vipimo vya kawaida vya kuvuta na vya kemikali zilitimiza matakwa ya kimsingi. Kabla ya kuamua hatima ya fito nyingine za aina hiyo, ambazo zilikuwa zaidi ya 2000 katika daraja hilo, wahandisi walilazimika kuuliza swali jipya: walizizamisha fito nzima katika maji ya chumvi na kuziongezea mkazo hatua kwa hatua kwa siku nyingi. Jaribio la dakika chache katika hewa kavu lilikuwa limejibu swali tofauti.

9. Mafunzo kwa Watumiaji wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi haiwezi kuishia katika hotuba na riwaya. Itafika pia kwenye vyeti vya feleji na maagizo ya kukaza boliti. Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, nguvu, ugumu na ustahimilivu zipewe kila moja neno lake, na neno hilo lisibadilishwe katikati ya matini kwa ajili ya kukwepa takriri. Takriri ambayo mhakiki wa riwaya angeilaumu ni ya lazima katika mwongozo wa fundi. Anayeandika leo "chuma kigumu", kesho "chuma imara" na mtondo "chuma chenye nguvu" atakuwa amemwacha msomaji akidhani ni sifa tatu, au mbaya zaidi, kwamba zote ni moja.

Pili, utajiri wa vitenzi vyetu utumiwe. Kukatika, kuvunjika, kupasuka, kuchanika, kupinda na kunyumbuka ni matukio tofauti. Mtaalamu anayesoma uso wa feleji iliyovunjika huona vishimo vidogo vya mchaniko au nyuso bapa zinazometameta za mpasuko, na kutoka hapo hujua hali iliyoikata. Matini inayosema tu kwamba kitu "kimeharibika" imefuta ushahidi.

Tatu, hali itafsiriwe pamoja na tarakimu. Kwenye kichwa cha boliti nyingi za magari na mitambo mmeandikwa 10.9: tarakimu ya kwanza huashiria nguvu ya kukatika ya megapaskali 1000, na ya pili kwamba kikomo cha kurejea ni asilimia 90 ya nguvu hiyo. Kuandika "boliti hii ina nguvu ya megapaskali 1000" ni kutafsiri nusu. Tafsiri inayofaa ingesema: "boliti hii, ikivutwa polepole katika hewa kavu na joto la kawaida, haikatiki kabla ya megapaskali 1000". Fundi wa Kilindini, anayeifunga mahali penye upepo wa chumvi na kuiacha kwa miaka, atajua kwamba bado ana swali la kuuliza kabla ya kuiamini.

10. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba baridi, kasi, chale, unene, mizigo ya kurudiarudia, haidrojeni na muda vyaweza kuigeuza tabia ya feleji moja kutoka mchaniko wenye onyo hadi mvunjiko usio na onyo. Tumeona pia kwamba hali hizo hazielekei upande mmoja: haraka ambayo huileta hatari ya mpasuko ndiyo inayoificha hatari ya haidrojeni. Kwa sababu hiyo hakuna jaribio moja linalotosha, na feleji zenye nguvu kubwa, ambazo nafasi yao ya makosa ni finyu, ndizo zinazohitaji maswali mengi zaidi.

Kiswahili kina kiambishi cha -ki- cha masharti, ambacho kila mwanafunzi wa sarufi amekichanganua: ikivutwa, ikipozwa, ikilowa, ikikaa. Atakayeandika au kutafsiri habari za metali akitie kiambishi hicho katika kila sentensi itajayo nguvu. Sentensi ya aina hiyo ikikosa -ki-, msomaji ana haki ya kuirudisha kwa mwandishi na kumwuliza: katika hali gani?